Kutumia Nyigu Vimelea Dhidi ya Viwavi wa Mahindi: Mwongozo kwa Wakulima wa Malindi

Mahindi yanayopandwa Ganda, Kakuyuni, Jilore, Langobaya na ng'ambo ya Mto Sabaki kuelekea Marafa yana maadui wawili wakubwa. Wa kwanza ni funza watoboa mabua, hasa aina ya Chilo partellus, aliyeingia Afrika kutoka Asia na kulizoea joto la ukanda wa chini. Pamoja naye wamo Sesamia calamistis na Chilo orichalcociliellus, ambao ni wenyeji wa pwani. Wa pili ni kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, aliyetoka bara la Amerika, akaonekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na kuthibitishwa nchini Kenya mwaka 2017. Wote ni watoto wa nondo warukao usiku, na wote huwindwa na nyigu wadogo ambao mkulima hupita karibu nao kila siku bila kuwaona.

Nyigu hawa ni tofauti kabisa na mavu wanaojenga chini ya makuti. Wengi wao ni wa milimita chache tu, na baadhi hawafikii hata milimita moja. Hawaumi binadamu wala mifugo, hawajengi viota, na hawawadhuru nyuki wa mizinga. Jike hutaga ndani ya yai la nondo au ndani ya mwili wa kiwavi, kisha mtoto wake humla mwenyeji huyo kutoka ndani mpaka afe. Ni vizuri kuwaeleza mapema watu wa nyumbani na majirani jambo hili, kwa sababu mtu akisikia kwamba kuna nyigu wanaoachiliwa shambani, hofu ya kwanza ni kwa watoto wanaokwenda kupalilia.

Kabla ya kuingia katika hatua zenyewe, mkulima anapaswa kufahamu kwamba sehemu kubwa ya jeshi hili tayari iko shambani mwake. Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu (ICIPE), kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kilimleta nyigu Cotesia flavipes kutoka Pakistan na kumwachilia katika pwani ya Kenya mwaka 1993 ili apambane na Chilo partellus. Nyigu huyo alikubali mazingira, akazaliana na kuenea mwenyewe. Kwa hiyo kazi ya mkulima wa Malindi huanzia kwenye kuwatunza nyigu waliopo, na kununua wengine huja baadaye, pale inapolazimu.

Hatua ya kwanza: Kumtambua mdudu aliye shambani

Nyigu mmoja hafai kwa kila kiwavi, na kwa sababu hiyo utambuzi hauwezi kurukwa.

Mayai ya kiwavijeshi vamizi hutagwa kwa mafungu, mara nyingi ya mayai 100 hadi 200, yakiwa yamerundikana tabaka juu ya tabaka na kufunikwa na vinyweleo vya kijivu vinavyotoka kwenye mwili wa nondo. Katika joto la pwani huanguliwa baada ya siku 2 hadi 4. Kiwavi mkubwa ana alama ya herufi Y iliyopinduliwa kwenye uso wake, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa pembe nne za mraba. Hukaa ndani ya moyo wa mmea, hutafuna majani machanga yakiwa bado yamejikunja, na kuacha kinyesi kingi kinachofanana na vumbi la msumeno.

Mayai ya Chilo partellus, kwa upande mwingine, ni bapa, hayana vinyweleo, na yamelaliana kwa safu, mara nyingi upande wa chini wa jani. Kiwavi ana rangi ya maziwa iliyochanganyika na safu za madoa ya kahawia mgongoni. Kwanza hukwaruza majani na kuacha madirisha membamba yanayopenyeza mwanga, kisha huingia kwenye bua. Mmea mchanga ulioshambuliwa hukauka jani la katikati, na jani hilo huchomoka kwa urahisi likivutwa. Mmea mkubwa huonyesha matundu kwenye bua na huweza kuvunjika upepo wa kusi unapozidi nguvu.

Ukaguzi ufanywe kwa kutembea shambani kwa njia ya kupindapinda kutoka kona moja hadi nyingine, na kusimama mahali patano. Katika kila mahali chunguza mimea 20 iliyofuatana. Kwa kuwa jumla ni mimea 100, idadi ya mimea yenye dalili mpya ndiyo asilimia ya mashambulizi. Hesabu dalili mpya peke yake, yaani jani lililoliwa karibuni na kinyesi kibichi, kwa sababu tundu la zamani kwenye jani lililokwisha kukunjuka halisemi chochote kuhusu viwavi walioko leo. Ukaguzi huu uanze mara tu mahindi yanapochipuka na urudiwe kila wiki, au mara mbili kwa wiki katika mwezi wa kwanza.

Anayeweza kupata mtego wa harufu unaovutia nondo dume wa kiwavijeshi vamizi autundike kando ya shamba, kiasi cha mita moja na nusu kutoka ardhini. Mtego huo hauwezi kuliokoa shamba peke yake, lakini humwambia mkulima lini nondo wameanza kuja, na taarifa hiyo ndiyo inayoamua siku ya kuachilia nyigu.

Hatua ya pili: Kumchagua nyigu anayefaa

Nyigu wanaoshambulia mayai ndio wenye faida ya haraka zaidi, kwa kuwa huua kabla jani halijaumwa. Dhidi ya kiwavijeshi vamizi, anayeongoza ni Telenomus remus, mweusi, mwenye urefu wa kiasi cha nusu milimita. Ubora wake ni kwamba hupenya vinyweleo vinavyofunika fungu la mayai na kuyafikia mayai ya tabaka za chini. Nyigu hawa wamekwisha kupatikana wakiishi wenyewe katika mashamba ya nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo. Trichogramma ni wadogo pia, ni rahisi kuzalishwa kwa wingi, na huyashambulia mayai ya funza watoboa mabua vilevile. Hata hivyo fungu nene lenye vinyweleo vingi huwashinda, na mara nyingi huishia kwenye mayai ya juu.

Nyigu wanaoshambulia viwavi hufanya kazi nyingine. Cotesia flavipes huingia ndani ya tundu alilolichimba funza kwenye bua, humchoma na kumtagia makumi ya mayai kwa mara moja. Ni kazi ya hatari, maana funza huuma, na majike wengi hufia humo humo. Funza aliyechomwa huendelea kuishi na kula kwa karibu wiki mbili, kisha watoto wa nyigu hutoboa ngozi yake, wakatoka na kujisokotea fungu la vifukofuko vyeupe pembeni mwa mzoga. Baada ya siku 6 hivi nyigu wazima huruka. Faida yake, basi, huonekana katika kizazi kinachofuata cha funza, na mkulima asiyelijua hilo hukata tamaa mapema. Cotesia sesamiae ni mwenyeji wa Afrika na hufanya kazi ya namna hiyo hiyo. Kwa upande wa kiwavijeshi vamizi, nchini Kenya wamo Cotesia icipe, aliyepewa jina la kituo kilichotajwa hapo juu, na Coccygidium luteum mwenye mwili wa rangi ya machungwa, ambao huwavamia viwavi wangali wachanga.

Mkulima aliye na jamaa nyanda za juu asishangae akiambiwa kwamba huko Cotesia flavipes hasaidii sana. Funza anayetawala huko ni Busseola fusca, ambaye mwili wake huyazingira mayai ya nyigu huyo na kuyaua. Pwani, ambako Chilo partellus ndiye mwingi, kizuizi hicho hakipo.

Hatua ya tatu: Kusitisha dawa kali na kuandaa shamba

Hii ndiyo hatua inayoshinda au kuangusha kazi yote. Dawa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya viwavi, hasa za jamii ya pairethroidi na zile za oganofosfeti, humuua nyigu kwa urahisi kuliko zinavyomuua kiwavi aliyejificha ndani ya moyo wa mmea au ndani ya bua. Shamba lililopigwa dawa kila wiki hubaki na viwavi waliosalimika na halina nyigu hata mmoja wa kuwafuata. Mkulima aliyekwisha kupiga dawa ya namna hiyo asubiri angalau wiki mbili kabla ya kuachilia nyigu, na asome maelezo ya kibandiko cha dawa kuhusu muda inaodumu kwenye majani. Upepo nao hubeba dawa kutoka shamba la jirani. Kwa hiyo mazungumzo na jirani aliye upande unaotoka upepo ni sehemu halali ya maandalizi.

Nyigu mzima hali viwavi. Chakula chake ni maji matamu ya maua, na akikipata huishi siku nyingi zaidi na kutaga zaidi. Hapa desturi ya kilimo chetu inasaidia: kunde, ambazo wakulima wengi wa Malindi huzipanda ndani ya mahindi, hutoa maji matamu hata nje ya maua yake, na kwa hiyo humlisha nyigu kabla hazijachanua. Panda mstari wa kunde kila baada ya mistari michache ya mahindi, acha ukanda wa magugu yenye maua madogo kwenye mpaka wa shamba, na ongeza alizeti chache pale penye nafasi. Palizi ya kulisafisha shamba mpaka ukingoni inapendeza macho, lakini huwaondolea nyigu chakula na kivuli.

Mwenye ng'ombe au mbuzi afikirie kilimo cha vuta-sukuma, kilichobuniwa na ICIPE pamoja na washirika wake. Desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, hupandwa katikati ya mistari ya mahindi, na harufu yake huwafukuza nondo. Nyasi ya nepia, au brakiaria katika sehemu zenye ukame, huzungushwa kandokando ya shamba na kuwavuta nondo watage huko, ambako viwavi wengi hawafiki ukubwani. Mwaka 1997 watafiti walionyesha pia kwamba nyasi ya Melinis minutiflora, ikichanganywa na mahindi, hutoa harufu inayomvuta nyigu Cotesia sesamiae kuja shambani. Mimea hii yote ni lishe ya mifugo, kwa hiyo gharama yake hurudi kwa njia ya maziwa.

Hatua ya nne: Kuwazalisha nyigu waliopo kwa kutumia chupa

Maofisa wa kilimo wamewafundisha wakulima kuyaponda mayai ya kiwavijeshi vamizi wanapoyaona. Ni ushauri mzuri, lakini una hasara moja: fungu la mayai lililokwisha kushambuliwa na nyigu hupondwa pamoja na yale mazima, na hivyo mkulima huua wasaidizi wake kwa mamia. Njia ifuatayo inatumia tofauti ya siku. Yai zima la kiwavijeshi huanguliwa ndani ya siku 4; nyigu aliye ndani ya yai huhitaji zaidi ya wiki moja, na Telenomus remus hutoka baada ya takriban siku 10 katika joto kama letu. Tofauti hiyo inatosha kuwatenganisha adui na rafiki bila kifaa chochote cha maabara.

Tafuta chupa ndogo angavu zenye mdomo mpana, zilizooshwa vizuri na kukaushwa. Asubuhi, wakati wa ukaguzi, kata kipande cha jani chenye fungu la mayai na ukitie ndani ya chupa. Kila fungu liwe na chupa yake, kwa sababu viwavi wakianguliwa huyala mayai yaliyobaki karibu nao, yakiwamo yenye nyigu. Funika mdomo kwa kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana, kwa mfano kipande cha leso, na ukifunge kwa mpira au uzi. Usitumie kipande cha chandarua cha kuzuia mbu kilichogawiwa na serikali: vyandarua hivyo vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na nyigu atakayekigusa atakufa. Andika tarehe kwenye chupa, kisha iweke ndani ya nyumba mahali penye kivuli, pasipo moshi wa jikoni wala sisimizi. Kipande cha jani kikitoa unyevu mpaka matone yakaonekana kwenye kioo, fungua, futa, na funika tena, maana maji hayo huozesha mayai na kuwazamisha nyigu.

Siku ya tano zikague chupa zote. Iliyojaa viwavi vidogo mimina maji ya sabuni na uitikise. Viwavi hivyo vimekufa bila kula jani moja la shamba lako. Chupa ambayo mayai yake yamebaki na rangi nyeusi bila kuanguliwa ina nyigu. Angalizo hapa ni muhimu: yai zima nalo huwa jeusi kwa muda mfupi kabla ya kuanguliwa, kwa sababu kichwa cha kiwavi huonekana kupitia ganda, na hivyo weusi wa siku ya pili au ya tatu hauthibitishi kitu. Weusi unaodumu baada ya siku ya tano ndio ushahidi. Katika chupa yenye mchanganyiko, ondoa viwavi kwa ncha ya unyoya na uyaache mayai meusi.

Kuanzia siku ya nane tazama kila asubuhi. Vidoa vyeusi vinavyotembea juu ya kioo ndio nyigu wenyewe. Weka doa dogo sana la asali kwenye karatasi ndani ya chupa, waache kwa saa chache ili wale na kupandana, kisha jioni ipeleke chupa shambani, iweke kwenye kivuli cha mmea na uifungue. Katika fungu moja la mayai wanaweza kutoka nyigu wengi kuliko uwezavyo kuwahesabu, na kila jike ataondoka kutafuta mayai mengine.

Kwa funza wa mabua, utaratibu ni mfupi zaidi. Unapong'oa mmea uliokauka jani la kati, lipasue bua. Ukikuta funza mzima, muue. Ukikuta fungu la vifukofuko vyeupe, kata kipande hicho cha bua, kiweke ndani ya mkebe uliotobolewa matundu madogo kandokando, na uutundike mkebe huo shambani mahali ambapo mvua haiingii. Paka grisi kwenye waya wa kutundikia ili sisimizi wasipite.

Hatua ya tano: Kupata nyigu wa kununua au wa kugawiwa

Msimu ambao nondo ni wengi mno kuliko nyigu wa asili, huenda ikalazimu kuongeza. Trichogramma na Telenomus husafirishwa wakiwa bado ndani ya mayai, mara nyingi yakiwa yamebandikwa kwenye kadi. Kadi za Trichogramma hutengenezwa kwa mayai ya nondo wa nafaka, Corcyra cephalonica, ambayo yameuliwa kwanza ili yasitoe viwavi. Mayai yenye nyigu hugeuka meusi, na kadi nzuri ni ile ambayo sehemu kubwa ya mayai yake ni meusi na bado hayana matundu. Tundu dogo lililoonekana kwa lenzi lina maana kwamba nyigu amekwisha kutoka, na kadi yenye matundu mengi ni karatasi tupu.

Anza kuuliza kwa afisa wa kilimo wa wadi, kituo cha KALRO (shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo) kilichoko Mtwapa, na ICIPE. Ni rahisi zaidi kuagiza kwa kikundi, kwa kuwa kadi zinazosafirishwa kutoka Nairobi zinahitaji kufika upesi, na pia kwa kuwa nyigu walioachiliwa katika robo ekari iliyozungukwa na mashamba yanayopigwa dawa hawadumu. Usikubali kadi zilizoletwa kwa siri kutoka nchi nyingine. Kuingiza wadudu hai nchini kunahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, na bidhaa za kudhibiti wadudu, hata zile za kibayolojia, husajiliwa na PCPB, bodi inayosimamia bidhaa hizo. Sheria hiyo ina sababu ya msingi: mdudu mgeni asiyechunguzwa anaweza kuwashambulia viumbe ambao hakuna aliyekusudia washambuliwe.

Panga usafiri kwa namna ambayo kadi hazikai ndani ya gari lililofungwa madirisha juani. Zibebe katika sanduku lenye ubaridi wa wastani, bila kugusana na barafu. Zikifika, ziachilie siku hiyo hiyo au inayofuata.

Hatua ya sita: Kuwaachilia

Wakati unaofaa ni pale nondo wanapoanza kunaswa mtegoni au mafungu ya kwanza ya mayai yanapoonekana, jambo ambalo katika mahindi ya masika huweza kutokea mmea ukiwa na majani matatu au manne tu. Nyigu wa mayai akifika baada ya viwavi kuanguliwa hana kazi ya kufanya. Nchini India mapendekezo rasmi dhidi ya kiwavijeshi vamizi ni Trichogramma pretiosum au Telenomus remus 50,000 kwa ekari kila wiki, au pale mtego mmoja unaponasa nondo watatu. Kiwango hicho kinafaa kuwa kianzio cha mazungumzo na mtaalamu wa hapa, kwani msongamano wa mimea na wingi wa nondo hutofautiana.

Trichogramma hawaendi mbali, kwa hiyo vituo vya kuwaachilia viwe karibu karibu, kiasi cha mita 10 kati ya kimoja na kingine. Shamba la mraba la ekari moja lina takriban mita 64 kila upande. Ukiweka safu 6 zenye vituo 6 kila moja utapata vituo 36, na kadi zenye mayai 50,000 zikigawanywa sawasawa zitatoa kiasi cha mayai 1,400 kwa kila kituo. Anza safu ya kwanza kama mita 5 kutoka ukingoni. Wakati wa masika kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo ongeza vituo viwili au vitatu upande huo, ili upepo uwapeleke nyigu ndani ya shamba badala ya kuwatoa nje.

Bana kipande cha kadi upande wa chini wa jani, katikati ya kimo cha mmea, pale ambapo jua la mchana na mvua hazifiki. Katika mwezi wa Mei, ambapo mvua za Malindi huwa kubwa, ni afadhali kuahirisha kwa siku moja kuliko kuweka kadi mbele ya mvua inayoonekana kuja. Kazi ifanyike asubuhi umande ukishakauka, au jioni jua likipoa. Shamba lililo chini ya mikorosho au miembe lina hatari ya sisimizi wekundu waitwao maji moto, ambao huteremka na kuyabeba mayai yote ya kadi. Kwenye mashamba hayo itundike kadi kwa uzi uliopakwa grisi na uhakikishe haigusani na jani lolote.

Rudia kila wiki hadi mahindi yanapokaribia kutoa mbelewele. Uachiliaji wa mara moja pekee hautoshi, kwa kuwa nondo huja kwa mawimbi na nyigu mmoja mmoja huishi muda mfupi.

Hatua ya saba: Kupima kama kazi inafanyika

Siku nne au tano baada ya kila uachiliaji, kusanya mafungu ya mayai kutoka sehemu mbalimbali za shamba na uyatie kwenye chupa kama ilivyoelezwa katika hatua ya nne. Mafungu yenye mayai meusi yasiyoanguliwa yakiongezeka wiki hadi wiki, nyigu wameshika kazi. Kusanya vilevile viwavi wadogo, mmoja mmoja katika kikopo chake pamoja na kipande cha jani bichi kinachobadilishwa kila siku, na utazame kama vifukofuko vya nyigu vitatokea. Weka daftari lenye tarehe, idadi ya mimea iliyoshambuliwa kati ya 100, na matokeo ya chupa. Bila maandishi hayo mkulima humsifu au kumlaumu nyigu kwa mambo yaliyosababishwa na mvua.

Hatua ya nane: Viwavi wakizidi

Nyigu hawana uwezo wa kuliokoa shamba lililokwisha kujaa viwavi wakubwa. Kama mwongozo wa jumla unaotumika barani Afrika, mahindi machanga yakifikia mimea 20 kati ya 100 yenye dalili mpya, au mahindi makubwa ambayo hayajatoa mbelewele yakifikia mimea 40 kati ya 100, inafaa kuchukua hatua nyingine. Hatua hiyo ichaguliwe kwa kuwahurumia nyigu. Mwarobaini umejaa kila kijiji cha Kilifi: twanga gramu 50 za kokwa kavu kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, na unyunyize jioni ukielekeza ndani ya moyo wa mmea. Dawa zenye bakteria Bacillus thuringiensis humuua kiwavi aliyekula jani lililonyunyiziwa, na hazimdhuru nyigu mzima. Usinyunyize chochote siku ya kuachilia nyigu wala siku inayofuata.

Hatua ya tisa: Mabua baada ya mavuno

Chilo partellus huvuka kiangazi akiwa amelala ndani ya mabua makavu, na ndiyo sababu wakulima wengi huyachoma kabla ya masika. Moto huo huua funza, lakini huua pia vifukofuko vya nyigu walio ndani ya mabua hayo hayo, na huondoa mboji ambayo udongo wetu wa mchanga unaihitaji. Mabua mengi yalishwe mifugo au yatandazwe juani yakiwa yamelazwa kwa wiki kadhaa, kwa kuwa joto la kaskazi huwaua funza wengi waliomo.

Fungu dogo lihifadhiwe kwa ajili ya nyigu. Tengeneza sanduku la mbao au fito, lifunike pande zote kwa wavu wa madirisha usiotiwa dawa, wenye matundu yanayompitisha nyigu na kumzuia nondo, jaza humo mabua yenye matundu ya funza, na uliweke sanduku ukingoni mwa shamba chini ya kivuli kabla ya mvua za mwisho wa Machi. Nondo watakaotoka watafia ndani. Nyigu watapita na kuingia kwenye mahindi yanayochipuka. Kando ya Sabaki, ambako umwagiliaji huwezesha mahindi kuwapo shambani hata nje ya msimu, funza hawapati mapumziko na nyigu pia hawapungukiwi na mwenyeji, kwa hiyo sanduku hilo liwekwe mwaka mzima na mabua yake yabadilishwe kila mavuno.